Udongo Mweupe kwenye Mikono ya Mjumbe

Siku niliyokwenda kuomba kazi niliulizwa swali moja tu. Mjumbe Koné, mwanadiplomasia aliyetumwa Kolwezi kupatanisha watu, aliniangalia toka viatu hadi kitambaa cha kichwa.

"Mama Kasang, umesoma wapi?"

"Kwa masista, tata, miaka ine. Kifaransa niliiokota mu jikoni ya wazungu ba kampuni."

"Ya jikoni? Basi unajua matusi yote."

Akanipa kazi ya ukalimani. Mi ni mzaliwa wa Musumba: Kilunda ni cha mama yangu, Kiluba ni cha bwana yangu Kalonji, ambaye wazazi wake waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini.

Nyinyi wa leo mnatafsiri na vitu masikioni. Sisi tuliketi nyuma ya bega la mkubwa, kiti kimerudi nusu hatua, macho chini. Mtu akikasirika, nawe kasirika. Akitukana, tukana, usiongeze, usipunguze. "Ukiwa kwenye kiti hicho, Mama, huna mdomo wako," Mjumbe aliniambia. Nilimfuata hivyo Kisenge, Dilolo, Kapanga, na sikuwahi kutia neno langu.

Kisha ukaja mwaka wa kufukuzana. Familia zenye asili ya Kasai zilitolewa kwenye nyumba zao Kapata, mtaa wetu wa Kolwezi. Kalonji na watoto wetu, Ntumba, Meta, Odia na Tshilumba, walikaa siku kumi kwenye sakafu ya darasa. Vijana wa Kilunda waliowatoa walikuwa wameziba barabara wasirudi, na walimsikia mtu mmoja tu, Tata Nawej, mzee wa Kilunda. Mjumbe akaomba kuonana naye.

"Watoto wako wako kule shuleni," akaniambia. "Utaweza?"

"Nitaweza, tata."

Walizungumza toka asubuhi, sauti zikipanda na kushuka, mi nikibeba maneno ya wote wawili huku mgongo umelowa jasho. Jua lilipofika kichwani, Tata Nawej akakubali barabara ifunguliwe. Akatoa pemba, udongo mweupe, akampaka Mjumbe mikono yote miwili. Kwetu hiyo ndiyo sahihi. Karatasi inakuja nyuma. Mkono uliopakwa unaachwa ukauke wenyewe.

Hilo sikuwa nimemwambia. Nilidhani mzigo wangu ni maneno tu.

Mpiga picha akaingia. Mjumbe akatoa leso, akajipangusa.

Vijana wakasimama wote. "Tata, umeona? Anapangusa! Anatukatala! Arudie kwabo na bale Bakasai bake!" Tata Nawej akaanza kufunga mfuko wa udongo.

"Wanasema nini?" Mjumbe akaninong'oneza. "Tafsiri!"

Sikutafsiri. Nilitoka kwenye kiti, nikapiga magoti, nikapiga makofi ya heshima.

"Tata Nawej, sasa haiko Mjumbe anasema. Ni mi, Kasang, mutoto ya Chibwid wa Musumba. Huyu mugeni hakujua. Mi nilijua, na sikumuambia. Kosa iko yangu. Usifungie batoto yangu njia."

"Nani alikutuma useme?"

"Hakuna mutu."

Akaacha kufunga mfuko.

"Bwana yako ni nani?"

"Kalonji, tata."

"Ule anaimba mu kanisa ya Kapata?"

"Eh, njo yeye."

"Anaimba mubaya."

"Mubaya sana, tata."

Kijana mmoja akaguna kicheko, mwingine akamfuata. Mzee akafungua tena mfuko. Nikamgeukia Mjumbe: "Patron, piga magoti."

"Kwa nini?"

"Piga kwanza!"

Akapiga, akiwa na suti yake. Tata Nawej akampaka upya, kisha akasema na mi nilete mikono.

Kabla ya jioni barabara ilifunguliwa. Kalonji alirudi Kapata, Ntumba akiwa mabegani. Si wote waliorudi. Nyumba ya Mama Biuma, jirani yetu, ilibaki imefungwa, na sikumwona tena.

Kesho yake Mjumbe alinigombeza vikali: nilisema bila kutumwa. Nikasema ndiyo. Lakini tangu siku hiyo, kabla ya kila mazungumzo, aliniuliza: "Mama, nini hujaniambia?" Aliniuliza hivyo mpaka nilipostaafu.

Nyinyi mnaotafsiri leo, msingoje muulizwe. Mi nilingoja, na kidogo niipoteze nyumba.

Sasa niko Kapata. Kalonji amezeeka, na kila Jumapili anaanza kuimba toka chumbani, mubaya vilevile, hadi majirani wanapiga ukuta. Simnyamazishi.