Watiri wa Kiamuturi na Injili Iliyotangulia Mwaka Wake

Alizaliwa Monicah Watiri mwaka wa 1929, kwenye mteremko ulio juu ya mji wa Karatina, katika nyumba ya wakulima wasio na mengi. Shule hakuiona. Alibatizwa akiwa msichana mkubwa, akaolewa, akazaa binti mmoja, Murugi, na mumewe akafa kabla ya uhuru. Mwaka wa 1965, akiwa na miaka thelathini na sita, aliingia madarasa ya ngumbaru, ya watu wazima, akajifunza kusoma akifuata mistari kwa kidole. Padri alimsikia akisoma Injili polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, akamwambia awe katekista wa Kiamuturi. Watiri alijibu kwamba wako waliosoma kumshinda. "Wako," padri akasema, "lakini hao husoma wakikimbia."

Kigango cha Kiamuturi kilikuwa cha mbao na mabati, na padri alifika mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine Watiri ndiye aliyesoma masomo na kuyatafakari mbele ya waumini. Kujiandaa kwake hakukuwa kwa kukaa mezani. Msimu wa kahawa, kila Jumamosi, wanawake walimwaga mavuno yao juu ya magunia pale kiwanda cha kahawa na kutenga nyekundu na mbichi kabla ya kupimiwa. Huku mikono ikifanya kazi, Watiri aliwasimulia Injili ya kesho, kisha akawauliza imewagusa wapi.

"Wacera, hiyo mbichi umeificha chini hata Yesu ameiona!" mmoja alitania.

"Yesu aningoje nipimiwe kwanza," Wacera akajibu, na magunia yote yakacheka.

Kesho yake, tafakari ya Watiri ilitoka humo humo. Watu walisikia maneno yao wenyewe yamekaa karibu na ya Bwana.

Jaribu lake kubwa lilikuja mwaka wa 1973. Kanisa lilikuwa limeleta vitabu vipya vya masomo, vitatu, A, B na C, kila mwaka na chake, na padri alieleza kwamba kitabu hubadilishwa Majilio yanapoanza, wiki nne kabla ya Krismasi. Watiri akafanya hivyo, akaanza B mwishoni mwa 1972. Januari ilipofika, chama cha kahawa kikagawa kalenda mpya. Mkulima wa huku hubadilisha kila kitu kalenda ikibadilika; Watiri naye akaweka B kando akachukua C. Miezi mitatu hakuna aliyegundua.

Basi Jumapili ya nne ya Kwaresima alisoma Injili ya mwana mpotevu. Kwenye benchi la mbele alikaa Gicheru, mwenyekiti wa kigango. Nje, ameegemea ukuta, alikaa Mathenge, mdogo wake Gicheru. Mathenge aliuza mbuzi wa urithi wake, akaenda Nanyuki kuchunga ng'ombe wa tajiri mmoja aitwaye Awil, akarudi mgonjwa na mikono mitupu. Gicheru alikuwa amemkatalia hata pembe ya shamba la baba yao ajenge kibanda, na Mathenge hakuthubutu kuingia kanisani alimo kaka yake.

Gicheru alikwenda nyumbani, akafungua kalenda ya kanisa, akaona Injili ya siku hiyo ni nyingine kabisa. Padri alipofika, alimshtaki Watiri mbele ya baraza.

"Mama Murugi, ati ulikosea? Ukakosea, ikaniangukia mimi tu?"

"Nilikosea, mzee. Nilibadilisha kitabu kwa kufuata kalenda ya kahawa. Naomba msamaha kwa kigango chote."

"Basi sema mbele ya watu kwamba ile Injili haikunihusu."

Watiri alijua anachoweza kupoteza. Kusoma Neno ndiyo kazi pekee aliyowahi kuitwa kwa jina lake kuifanya. Akasema, "Kuchagua, sikuchagua. Lakini hilo la kutokukuhusu sitalisema, kwa sababu hata mimi ilinihusu."

Alisimamishwa. Gicheru akachukua kitabu, naye Watiri akahamia benchi la nyuma bila kulalamika kwa mtu. Jumamosi aliendelea kutenga kahawa na kusimulia Injili, sasa kwa kitabu cha B kilicho sawa. Wakati huo ndipo Wangechi, mjane ambaye hakuwa ametamka neno tangu amzike mumewe, aliposikia habari za Yesu kumponya kiziwi, akafungua kinywa akaomba maji. Daktari angeeleza vingine. Wangechi mpaka leo anasema ni Injili ile iliyomfungua.

Majilio yakafika, kitabu kikageuka C kwa haki yake. Tarehe 24 Machi 1974, Kwaresima, Jumapili ya nne, zamu ilikuwa ya Gicheru, na kalenda haikumpa pa kukimbilia. Alisoma vizuri mpaka mahali mwana mkubwa anapokataa kuingia nyumbani. Hapo sauti ikakatika. Akajaribu tena, ikakatika. Akafunga kitabu, akashuka, akatoka mlangoni. Waliokuwa karibu na ukuta walimsikia akisema, "Mathenge, inuka. Twende ndani, nimechoka kusimama huku." Akarudi amemshika mkono, akamketisha benchi la mbele, kisha akampelekea Watiri kitabu kule nyuma. "Mama, maliza wewe. Mimi mahali pangu nimefika."

Watiri alimaliza, kidole kwenye mstari. Alihudumu miaka kumi na mitatu zaidi, akafa kwa amani Agosti 1987. Jeneza lake lilibebwa na Gicheru mbele na Mathenge nyuma, aliyetoka nyumba yake katika shamba la baba yao.

Kanisa halijamtangaza mtakatifu popote, na Kiamuturi hawana haraka. Anayetaka kumfuata aichukue Injili ya Jumapili mapema, aende nayo kazini. Akikosea, akiri amekosea. Lakini asikubali kusema kwamba haikumhusu.