Fundi wa vyuma na mikono ya sweta iliyogoma kulingana

Saa tatu asubuhi umeme unakatika. Mashine ya kuchomelea inanyamaza. Fundi anavua kinyago, ananawa mikono kwa sabuni mara mbili, anaikausha kwa taulo ambalo hakuna mwingine anayeruhusiwa kuligusa, kisha anavuta mfuko wa plastiki chini ya benchi. Ndani mna sweta la kijani la mtoto.

"Bi Sindano kaanza!" anapiga kelele seremala wa karakana ya jirani. "Nifumie na mimi soksi, shoga yangu!"

Fundi anahesabu. Midomo inamcheza: thelathini na sita, thelathini na saba. Mstari unapoisha ndipo anainua kichwa.

"Meza zako zote zinachechemea. Hizo ndizo zinazotaka soksi."

Ana miaka hamsini na minne, na viganja vyake vimejaa makovu ya cheche. Wateja wameshamzoea: ukimkuta katikati ya mstari, salamu yako itasubiri. Mmoja aliisubiri hadi akatafuta kiti.

Kufuma alijifunza wodini miaka sita iliyopita, alipoanguka kutoka juu ya paa akavunjika mguu. Mama wa mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa akifuma kutwa nzima.

"Nilimuuliza maswali mpaka akachoka," anasema. "Akaniambia, mwanangu, hebu shika mwenyewe, nami nipumzike."

Sindano zake ni spoki za baiskeli, alizozisaga ncha mwenyewe hadi zikalainika.

Safari hii si mchezo. Jumatatu mjukuu wake wa miaka saba anaanza shule, na shule inataka sweta la kijani. Mkewe alitaka kulinunua dukani. Fundi akakataa katakata. Mtoto naye ameshautangazia mtaa mzima kwamba lake linafumwa na babu.

Tatizo ni mikono. Wa kushoto aliufuma wiki ya raha. Ukatoka mpana, unafunika vidole vya mtoto. Wa kulia aliufuma wiki aliyogombana na mteja aliyelikataa geti alilomchomelea. Kila kitanzi alikikaza kama anafunga nati. Ukaishia juu kabisa ya kifundo.

"Mistari ni ileile," anasema, akiulaza mkono mmoja juu ya mwenzake. "Nimehesabu mimi mwenyewe."

"Kuhesabu unajua, kutulia ndiko hujui," anajibu mkewe, aliyemletea chai. Kisha anashusha sauti. "Mtoto atachekwa, mzee wangu."

Maneno hayo yanamwingia. Anaufumua mkono wa kulia wote, uzi ukirundikana mapajani kama tambi.

Umeme unarudi saa sita, lakini mashine haiwashwi. Mteja anayekuja kuulizia dirisha lake anaambiwa arudi Jumanne. Mkewe anaombwa asimwambie neno la kumuudhi mpaka Jumapili.

"Basi na ninyamaze kabisa," anasema mkewe, "maana sijui tutaongea nini."

Jumapili jioni mkono unakwisha. Mjukuu analivaa sweta, ananyoosha mikono mbele. Watu wazima wanatazamana. Wa kulia sasa umeupita wa kushoto kwa upana wa vidole vinne.

"Nilitulia mno," anasema fundi.

"Babu, ni zuri," anasema mtoto. Fundi hamwamini.

Jumatatu asubuhi anasimama mlangoni mwa karakana, nyundo mkononi, hagongi kitu. Mtoto anafika kwenye kona, wanakomsubiri wenzake wawili. Mmoja anaushika ule mkono wa kulia, anauvuta, anacheka. Seremala ameacha randa. Naye anatazama, na leo hana utani.

Mtoto anaukunja mkono wa kulia mara tatu, wa kushoto mara mbili. Anasema jambo ambalo huku halisikiki. Wote watatu wanacheka, kisha wanashika njia ya shule. Sweta halikuvuliwa.

"Haya, Bi Sindano, pumua sasa," seremala anasema.

Fundi anapumua. Mwakani mtoto atakuwa amekua, atahitaji jingine, na mpango wake uko tayari. Mikono yote miwili ataifuma kwa pamoja, kwenye sindano zilezile, kila mmoja na uzi wake, mstari huku, mstari kule.

"Nikikasirika," anasema, "ikasirike yote miwili."