Siku Mama Alipojifanya Kipofu

Nyumba yetu ilinuka nta. Si asali, nta: harufu nzito ya moshi na maua makavu, iliyoingia kwenye leso na kwenye mkeka mpaka kwenye daftari zangu za shule, hata mwalimu akaniuliza mbele ya darasa zima kama tunalala ndani ya mzinga. Tulikaa nyuma ya Gongoni, mahali ambapo upepo ukigeuka unakuletea chumvi mdomoni kutoka kule wanakoivuna. Mama alikuwa na mizinga sita ya magogo kwenye mikorosho tuliyoachiwa na marehemu baba, na aliitundika yeye mwenyewe. Narudia, yeye mwenyewe, kwa sababu watu hawaamini mpaka leo. Mama alipofuka kwa surua akiwa na miaka minne, kabla hajajua hata rangi zinaitwaje. Nami nilimwona akipanda mkorosho, kitita cha makumbi ya nazi kinafuka moshi begani, anawaimbia nyuki kwa sauti ya chini kama anayebembeleza mtoto, kisha anaweka sikio kwenye gogo na kusema, "Huu bado. Bado wanajenga." Mimi chini nilikuwa nimejifunika gunia kichwani, na macho yangu mazima mawili.

Watu walimwita Medama, yaani mama yake Dama, na Dama ni mimi. Nilikuwa mtoto wake wa pekee. Alinilea bila kuniona, lakini sijui mtoto aliyetazamwa kuliko mimi. Funza akiingia kidoleni, mama alimpata kwa ncha ya ulimi kabla mimi sijaanza kuwashwa. Sima aliijua imeiva kwa namna inavyopumua sufuriani. Daftari langu alilipapasa, akahisi mahali penseli ilipokandamiza, na kama nilikuwa nimeacha ukurasa mtupu aliniambia, "Hapa umechezea. Kaa uandike." Nikiketi vibaya akiwa amenipa mgongo alisema, "Dama, jikunjue, sauti yako inatoka kwa mtu aliyejipinda." Na huyo alikuwa mama wa kazi za nyumbani tu. Bado hujamwona wa mambo yake mwenyewe. Alitengeneza kayamba, akachagua mbegu za kutia ndani moja moja kwa kuzitikisa sikioni. Alishabikia mpira ambao hakuwahi kuuona, akazianika betri za redio juani ili zifike mwisho wa mechi, na akabishana na mtangazaji, "Ameotea huyo! Mbona unamtetea?" Ndege wa kichaka chetu aliwajua kwa sauti, dume na jike. Na bao, ambalo alifundishwa na baba, alilicheza kwa vidole, kete zikikimbia mashimoni kama mvua juu ya bati, na wanaume wazima waliondoka uani kwetu wakisema wana kazi ya haraka.

Mmoja wao aliitwa Kazungu. Nalitaja jina lake, wala sitalimung'unya. Alikuwa mdogo wake baba, baba yangu mdogo wa kunipakata, na wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka ule wa ukame alipunguzwa kazini kule kwenye chumvi, akarudi nyumbani na mguu wa kulia ulioliwa na maji ya chumvi, anauburuta, na macho yake yakatua kwenye mikorosho ya marehemu kaka yake. Mama alimfunga bao mara tatu mchana mmoja mbele ya rafiki zake. Hilo alilimeza. Lakini wiki mbili baadaye alikuja jua la utosi, kimya, akisimama upande upepo unakoelekea ili harufu yake isifike, akanyoosha mkono kwenye mzinga. Mama alikuwa jikoni anapepeta mahindi. Hakuacha kupepeta. Alisema tu, "Kazungu, shemeji yangu, huo haujaiva. Ungeniomba ningekupa wa pili yake." Nilimwona Kazungu akigeuka rangi. Alitazama juu, akatazama nyuma yake, kisha akaondoka akiburuta ule mguu ambao mtaa mzima ungeujua kwa kuusikia.

Toka siku hiyo maneno yakaanza. Kipofu gani huyu anayejua nani amekuja? Kipofu gani asiyeumwa na nyuki? Mbona macho yake mekundu pembeni? Mbona mbuzi wa Kazungu wamekufa watatu? Walikufa kwa kiu, kama mbuzi wa kila mtu mwaka ule, lakini lisemwalo lipo, walisema, na aliyelisema zaidi ni jirani yetu Mekarisa, mwanamke aliyekula asali yetu bure miaka yote. Yote ambayo mimi nilimstaajabia mama, wao waliyakusanya yakawa mashtaka. Kwetu huko mtu akishaitwa mchawi, hasa akiwa na shamba, huwa hangoji uzee.

Tuliitwa kwa mzee wa kijiji, Mzee Ngumbao, asubuhi, baada ya chai. Watu walikuwa wamejaa uani. Vijana wawili, watoto wa dada yake Mekarisa, walisimama na mapanga, na hapakuwa na kuni za kukata. Kazungu alisema neno lake: watu wapite mbele ya Medama bila kusema kitu, naye awataje. "Akiwataja," alisema, "mtajua wenyewe anaona kwa macho ya nani." Mimi nilikuwa na miaka tisa na sikuelewa. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilijua mama angewataja wote mpaka na watoto waliobebwa mgongoni, na watu wangepiga vigelegele tukarudi nyumbani.

Akapita Mekarisa, bangili zake zikilia mkono mzima. Mama akageuza uso kama kuku anayetafuta punje. "Huyu ni mwanamume?" aliuliza. Watu wakacheka. Akapita Kazungu, mguu ukikwaruza mchanga, tumbaku ikinuka mpaka kwangu. Mama akasema, "Huyu sijui. Labda ni wewe, Mzee Ngumbao?" "Mimi niko huku nyuma yako, Medama!" mzee akajibu, na kicheko kikawa kikubwa zaidi. Nilifungua mdomo nimsahihishe. Vidole vyake vikanibana kiganja mpaka nikahisi mfupa. Nilidhani mama anaumwa.

Ndipo Kazungu akanishika bega. Hakutosheka, alimjua shemeji yake. Sasa huyu, alionyesha kwa ishara tu, akanisukuma nipite. Nilivua kandambili nikatembea juu ya mchanga ule wenye moto, nimeshikilia pumzi, na ndani yangu nilikuwa napiga kelele, mama, ni mimi, ni mimi. Nilifika mbele yake nikasimama. Alikuwa karibu kiasi cha kunigusa. Pua yake ilitikisika kidogo tu, nami nikajua ameshanijua, nta ile ile ilikuwa kwenye nguo yangu. Mama akanyoosha shingo, akatabasamu tabasamu la kijinga ambalo sijawahi kuliona usoni mwake, akasema, "Huyu simjui. Mtoto wa nani huyu?"

Vijana wakashusha mapanga. Mekarisa alicheka mpaka akajishika mbavu, "Hata wake wa kumzaa!" Mzee Ngumbao akasema mwanamke huyu ni kipofu wa kweli, hana lolote, aachwe na shamba lake. Mpaka leo sijui kama mzee yule alidanganyika, au aliamua kudanganyika. Lakini Kazungu hakukosa la kusema. "Haya, basi. Kama hamjui mwanawe, atamleaje?" Na mzee yule yule aliyemwokoa mama akakubali. Nikakabidhiwa kwa Kazungu siku hiyo hiyo, nikiwa darasa la tatu, na darasa la tatu ndilo la mwisho nililoketi. Nilichunga mbuzi wake, nilichota maji yake, nilipigwa na mkewe. Miaka mitano.

Mama naye alifungwa kifungo chake. Ilimbidi aendelee kuwa kipofu wa namna wanayoijua wao. Mizinga aliigawa. Bao aliliweka uvunguni. Njiani alijikwaa makusudi, akamwomba kila mpita njia amshike mkono, na watu wakampenda kwa kumhurumia. Mkono usioweza kuukata, ubusu, ndiyo, lakini nani alisema jinsi unavyonuka? Nilipopita na mbuzi karibu na kwetu alikuwa ameketi kizingitini, uso kwingine. Siku moja, bila kugeuka, bila midomo kutikisika sawasawa, nilimsikia: "Unachechemea. Kisigino cha kushoto. Utoe mwiba huo leo, usilale nao." Niliendelea kutembea na mbuzi wangu huku machozi yakinishuka mpaka shingoni. Tangu hapo sikujiuliza tena kwa nini alinikana.

Kazungu alipopata kazi na kuhamia Malindi, nilirudi kwa mama. Leo mimi ni mtu mzima, nina mvi, na kwetu wazee wanapaka nywele rangi nyeusi ili wasiitwe wachawi na watoto wao. Kazungu yu hai, kanisani hukaa kiti cha mbele, na watu huniambia nisamehe, yamepita. Mekarisa alikufa nikaenda matangani, nikala wali. Sijasamehe. Wasomi wakija hapa na karatasi zao wananiuliza ushujaa wa wanawake wa Pwani, nami nawaonyesha bibi mmoja aliyeketi uani kwangu, redio sikioni, anagombana na mwamuzi. Hawaelewi. Nikikatiza ua huu, kwenda kisimani au kuanua nguo, hata nikipita kwa ncha za vidole, yeye husimamisha ugomvi wake na kusema kwa sauti ya kufika kwa majirani wote, mara kumi kwa siku, mara ishirini: "Huyo ni Dama. Huyo ni Dama, mwanangu."