Mtu Asiyejulikana Penye Uzio wa Shule

Nina duka la dobi mkabala na shule ya msingi, hapa Tsuruoka, na Tomoharu ndiye mpiga pasi wangu. Ni mpole hadi anakera. Alipoachana na mkewe Kanae, mtoto wao Chisato alikwenda na mama, hata jina la ukoo likawa la upande wa mama. Tomoharu akaachiwa Jumamosi moja kila mwezi, chakula cha mchana tu, kwenye mgahawa karibu na stesheni. Wasuluhishi wa mahakama walitaka awepo mtu wa kati wa kumpokea mtoto kwa mama, wakanitwika mimi.

Sharti ni hili: asionekane shuleni, wala asiseme na Chisato nje ya siku yake. Akivunja, Jumamosi zimekwisha.

Halafu ikaja siku ya michezo. Chisato, darasa la tatu, alipangwa akimbie wa mwisho katika mbio za kupokezana kijiti.

"Dada, nitachungulia tu, nje ya uzio," Tomoharu akaniambia.

"Chungulia, halafu usije ukanililia hapa."

"Nitavaa barakoa na kofia."

"Ndiyo kabisa! Mwanamume peke yake kajifunika uso, anakodolea watoto macho. Akili zako ziko wapi?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Alikwenda. Nilisimama mlangoni, wateja wananiita wala siwasikii.

Chisato alikimbia, akampita mmoja, akampita wa pili. Baadaye akaja kunywa maji kwenye bomba lililo karibu na uzio, na yule mjinga furaha ikamzidi.

"Chisato! Umekimbia vizuri sana!"

Papo hapo akatokea Mzee Iwabuchi wa doria ya mtaa, na kizibao chake cha kijani.

"Bwana, wewe ni mzazi? Mbona huna kitambulisho shingoni kama wenzako?"

Tomoharu akainama, akainama tena. Akisema ndiyo, mtalaka wake atapigiwa simu. Akisema hapana, wataitwa polisi. Nilivuka barabara mbio na ndara zangu za dukani, sijui nikaseme nini.

Mzee akamgeukia mtoto. "Mjukuu wangu, unamjua huyu?"

Chisato alimtazama baba yake kuanzia viatu mpaka kofia.

"Simjui, babu."

"Jina lako kalijuaje?"

"Si limeandikwa hapa," akasema, akigusa kitambaa cha jina kilichoshonwa kifuani mwa fulana yake. Akainama kwa adabu, akarudi kwa wenzake.

Tomoharu akaambiwa aondoke, akaondoka. Jioni shule ikawatumia wazazi wote ujumbe: mwanamume wa makamo, barakoa nyeupe, kamsemesha mwanafunzi, tahadhari. Kwa hiyo Kanae naye aliupata. Tangu hapo kila simu ya dukani ikilia, Tomoharu alibadilika rangi. Aliniunguzia kola, sikumgombeza.

"Dada, ndiyo keshanisahau? Ameniona hivi, uso kwa uso."

Nikamchukua pasi mkononi, nikaizima.

Jumamosi Kanae alikuja, ingawa nilikwisha kukata tamaa. Alisimama mlangoni mwa mgahawa, kamshika mtoto mkono kwa nguvu.

"Bi Suzue, umesikia kulikuwa na mtu wa ajabu shuleni?"

"Nimesikia."

"Chisato anasema hakumjua."

Akanikazia macho. Hatimaye akauachia ule mkono. "Nitamfuata saa nane."

Ndani, Tomoharu alisimama, akaketi, akasimama tena. Chisato hakukaa. Alikwenda kwanza dirishani, akahakikisha mama yake amevuka barabara. Kisha akarudi, akamshika baba yake shingo na kumnong'oneza, nami nikasikia:

"Baba, nilidanganya vizuri?"