Jioni Maji Yalipowaka

Ukimsalimia Mpima Maji asubuhi, hakukujibu "nzuri" kama watu wengine. Alikwambia, "Masaa saba ya usingizi, chai vikombe viwili." Mtu wa namba. Idara ya maji ilimlipa mshahara kwa kazi ambayo hata majirani hawakuielewa vizuri. Kila mwaka, mvua zikishakolea, kijito cha juu ya jabali kilijaa kikamwagika ukutani mwa mwamba kwa wiki sita au saba, halafu kikakauka, ukabaki mchirizi mweusi tu. Chini yake idara ilisimamisha ubao mweupe wenye mistari ya sentimita. Kazi yake ilikuwa kwenda kuusoma saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni, aandike kina cha maji katika daftari, na pembeni aandike kama kuna jambo lisilo la kawaida.

Asubuhi alikwenda, mvua inyeshe isinyeshe. Jioni, tusidanganyane, hakwenda. Misimu miwili ya kwanza alikwenda, akagundua kwamba jioni maji hupungua sentimita mbili. Sasa mtu mzima apande kilima kwa ajili ya sentimita mbili? Basi akawa anaaga nyumbani, anaingia chumba cha nyuma cha duka la rafiki yake fundi redio, anachukua namba ya asubuhi, anapunguza mbili, na pembeni anamalizia kwa mwandiko safi: "Hali ya kawaida." Mkubwa wake alilisifu daftari lile mbele ya ofisi nzima.

Haya, sasa tuje kwa mama yake.

Miaka kumi na moja iliyopita, jioni moja ya msimu wa maji, mama alishuka kilimani mbio, miguu mitupu, kitambaa cha kichwa kimemvuka, akapita mbele ya maduka akipiga kelele: "Maji yanaungua! Njooni muone, maji yanaungua jabalini!" Waliopanda kwenda kutazama walikuta jua limezama na maji ni maji tu.

Na Mpima Maji alikuwa wapi? Nyuma ya duka la redio, kalamu mkononi, wino wa "Hali ya kawaida" haujakauka. Aliisikia sauti ya mama yake ikipita nje, akaijua. Hakutoka. Angetokaje, naye saa hiyo alipaswa kuwa jabalini?

Kesho yake ukoo ulikaa sebuleni. Mjomba, kaka yake mama, akamgeukia.

"Mpwa wangu, jana saa kumi na mbili si ulikuwa pale pale?"

Akisema hakuwepo, kazi imekwenda.

"Nilikuwepo, mjomba."

Akafungua daftari. Mjomba akasoma kwa sauti: "Saa kumi na mbili jioni. Sentimita sitini na moja. Hali ya kawaida."

Mama alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, kisha akainamisha kichwa. "Basi labda niliona vibaya," akasema.

Tangu siku hiyo akaitwa Bibi Moto. Alihamishiwa chumba cha uani nyumbani kwa mwanawe ili aangaliwe. Mwanamke aliyepika kwa miaka hamsini akanyang'anywa jiko, viberiti vikawekwa juu ya kabati, mahali mkono wake haufiki. Alikuwa mtu wa kupatanisha nusu ya mtaa. Sasa akifungua mdomo, watu wanakonyezana. Mpima Maji naye alijiliwaza kwamba hata kama angekuwepo, maji hayaungui, hilo linajulikana tangu darasa la tatu. Na mimi nasema, mtu akijiliwaza miaka kumi na moja kwa neno hilo hilo, ujue halijamwingia.

Mwaka huu mambo yakafika pabaya. Mama alipanda kigoda, akashusha kiberiti, akajichemshia chai. Chai tu, jamani! Dada mkubwa wa Mpima Maji akakata shauri: mama apelekwe mji wa pili, kwenye nyumba ya kulelea wazee waliopungukiwa na akili. "Mnangoja mpaka atuchomee nyumba?" alisema. Akaja mwenyewe kumchukua. Gari lilikuwa la kesho asubuhi, begi limeshafungwa, limewekwa mlangoni. Mpima Maji hakupinga. Alisema tu kwamba dada ndiye mkubwa.

Jioni hiyo aliketi nyuma ya duka la redio aandike uongo wake wa kila siku. Akapapasa mfukoni, miwani haipo. Aliisahau asubuhi kwenye jiwe analokalia kando ya ubao, na bila miwani haoni mstari hata mmoja wa daftari. Hata uongo unataka macho. Akapanda kilima akinung'unika njia nzima.

Miwani aliikuta pale pale, akaivaa. Mawingu ya wiki nzima yalikuwa yamepasuka upande wa machweo, na jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye pengo kati ya vilima viwili vya ng'ambo. Jabali lote lilikuwa limeingia kivulini. Alikuwa ameshageuka kuondoka alipoona, juu kabisa pale maji yanapoanza kudondoka, mstari mwekundu.

Akadhani ni uchafu kwenye kioo. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Mstari ulikuwa unashuka. Uliteremka na maji pole pole mpaka maporomoko yote, juu hadi chini, yakawa na rangi ya chuma kinachotolewa kwenye tanuri la mhunzi, na mwamba pembeni mweusi tii. Matone yaliruka kama cheche. Mikono yake ilikuwa myekundu, ubao mweupe ulikuwa mwekundu. Akakaa topeni, jiwe liko hapo hapo. Akanyoosha mkono kwa woga, akautia majini. Baridi! Moto mbele ya macho, baridi mkononi. Machozi yalimtoka bila yeye kujua.

"Mama," alisema. "Mama yangu, ulisema kweli."

Halafu jua likateleza nyuma ya kilima, maji yakawa meupe. Mtu wa namba hakujua zimepita dakika ngapi, wala hakukumbuka kuutazama ubao. Alishuka mbio, akaanguka mara mbili, akapita mbele ya maduka yale yale, akaingia sebuleni na suruali imejaa tope.

"Maji yanaungua!" akasema.

Dada yake akashika kichwa. "Haya. Na huyu naye!"

"Dada, nisikilize. Nimeyaona kwa macho yangu." Akalitupa daftari mezani. "Humu, jioni zote ni uongo. Miaka ishirini na moja naandikia nyuma ya duka la redio. Siku ile ya mama sikuwepo. Mama alisema kweli, mimi ndiye niliyedanganya."

Mke wake aliziba mdomo kwa mkono. Dada akajikuta amekalia lile begi. Ndipo mama alipoongea, kutoka mlango wa uani.

"Najua hukuwepo."

Mpima Maji akageuka kama aliyepigwa kofi.

"Siku ile nilikuja kukutembelea, nikakuta umetoka bila koti na baridi ilikuwa kali," mama akasema. "Nikakupelekea jabalini. Nilikaa kwenye jiwe lako nikikungoja, hukutokea. Ndipo nikaona."

"Ulijua?" Dada alikuwa analia sasa. "Miaka yote hii ulijua, mama, na ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Afukuzwe kazi, na watoto watatu wadogo ndani? Mwendawazimu hana kazi ya kufukuzwa."

Mpima Maji alipiga magoti akamshika mama yake miguu, akalia kwa sauti, mtu wa miaka hamsini na nne. Alisema kesho atalipeleka daftari kwa mkubwa wake mwenyewe, na wakimfukuza wamfukuze. Mke wa Mpima Maji akainuka, akanyoosha mkono juu ya kabati, akashusha kiberiti na kumwekea mama mkwe kiganjani.

Mama alikigeuza geuza, akaenda jikoni, akawasha jiko, akateleka chai. Wote walimfuata, wakasimama mlangoni kama wageni.

"Ulianzia juu au chini, huo moto?" akauliza bila kugeuka.

"Juu, mama."

"Hata siku yangu ulianzia juu." Akavuta kigoda kwa mguu, akamsogezea. "Kaa unihadithie. Miaka yote hii sina mtu wa kuzungumza naye habari hizi."