Bati Lililovishwa Makuti

Juzi mdogo wangu wa kiume aliniita Pangani, hii ya kwetu Kibaha, nikaione nyumba yake mpya. Nilimkuta fundi juu ya ngazi anatoboa ukuta apitishe bomba la kiyoyozi, na mwenye nyumba yuko nje anajipepea kwa kipande cha boksi. "Dada, humu ndani mchana hapakaliki," akaniambia, huku akilitazama bati lake jekundu kama mtu aliyesalitiwa. Nilicheka mpaka nikatafuta pa kukaa. Hakujua nacheka nini, na angejuaje? Mara ya kwanza bati lilipomtesa, alikuwa hajatimiza siku arobaini.

Hebu rudi nami, rafiki yangu, kwenye kijiji chetu cha Ujamaa upande wa Mlandizi. Nyumba zilisimama mstari mmoja, zote za udongo, zote zimeezekwa makuti, zote zimeelekea barabara kama watoto wa shule wanaosubiri kukaguliwa. Baba yangu alikuwa mkulima wa mikorosho. Msimu mmoja korosho zilikubali, akaezeka bati, wa kwanza katika mstari mzima. Lilimeta mno! Ukishuka kwenye basi barabarani ulikuwa unaliona. Katibu wa kijiji akipata wageni, safari yao ya kwanza ni kwetu. "Hii ndiyo nyumba bora, ndugu zangu," anasema, na baba anajifanya anahesabu kuku. Hata mwendo wake ulibadilika siku zile, nami nilimpenda kwa kujivuna kwake.

Kisha mama akajifungua, katikati ya joto la kaskazi. Nawe unajua mila zetu: mzazi na mtoto hawatoki ndani mpaka arobaini. Mama akawa anakandwa maji ya moto, ananyweshwa uji wa pilipili manga, na juu yake bati linawaka. Kufika adhuhuri chumba kile kilikuwa tanuri. Mtoto alijaa vipele vya joto kuanzia shingoni hadi mgongoni, akalia mpaka sauti ikakauka, na mwishowe akaanza kukataa ziwa. Hapo ndipo sote tulipoogopa.

Bibi, mama yake baba, alikuwa amekuja kutoka Kisarawe kumlea mzazi. Alifanya kila alichokijua. Alinyunyiza maji sakafuni, akatundika kanga mbichi mlangoni, akapanga mitungi ya maji kuzunguka kitanda. Joto likapungua kidogo, kisha likarudi. Ndipo akamwambia baba kwamba dawa iko moja tu, kulifunika bati kwa makuti.

"Mama, watu watanicheka," baba akasema. "Nimetoka kwenye makuti juzi tu."

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," bibi akamjibu, akaendelea kupepeta mchele.

Kesho yake mchana alimwita baba kutoka shambani. "Nishikie mjukuu wangu humo ndani, mwanangu, nampeleka mzazi uani kuoga." Baba akaingia. Bibi, ambaye siku zote alimwogesha mama upesi upesi, siku hiyo alimsugua hata visigino. Sisi tulikaa barazani tukisikia bati linavyolia ta, ta, ta kwa joto, na mtoto anavyokwaruza kilio. Baba alipotoka, shati lilikuwa limemganda mwilini na macho yake mekundu. Alimpa bibi mtoto.

"Shoneni makuti," akasema. "Lakini siku ya arobaini nayashusha. Katibu atakuja na watu wake."

Natamani ungemwona bibi akishona. Tuliloweka majani yakalainika, ua mzima ukanuka mnazi mbichi, naye akawa anayakunja kwenye ufito na kuyafunga bila hata kuyatazama, huku akitusimulia habari za wakwe zake. Baba akapanda, akayalaza juu ya bati na kuyafunga kwa kamba kwenye ncha za boriti. Alasiri ile mtoto alinyonya, akalala. Nimesikia mambo mengi mazuri maishani, lakini bado naukumbuka ule ukimya.

Kuchekwa tulichekwa, tena sana. "Wenzenu wanavua makuti wavae bati, nyie mnalivisha bati makuti?" jirani yetu alikuwa akiuliza kila akipita kwenda kisimani. Baba alichukua jembe akaenda zake shambani.

Siku ya arobaini, alfajiri, baba alipanda juu na panga. Nilisimama chini nipokee makuti yakishuka. Nilisubiri sana. Kisha akachungulia ukingoni akaniambia, "Niletee kamba. Huku upepo umelegeza."

Katibu alikuja na wageni wake, akainua kichwa, akashangaa. "Ndugu, bati liko wapi?"

"Lipo," baba akasema. "Limelala. Na mtoto naye amelala."

Katibu akaingia, akala wali wa nazi humo humo ndani, akafungua kifungo cha shati kwa shibe, wala hakuuliza tena.

Kipupwe kilipofika, upepo mkavu ukatupasua midomo na kuta zikaanza kufanya nyufa, bibi alikuwa bado yupo. Asubuhi alitupaka mafuta ya nazi, akitumaliza anageukia kuta, anazikandika kwa udongo wa kichuguu kwa kiganja kilekile. "Nyumba nayo ina ngozi," alikuwa akisema. Na makuti yaleyale yaliyozuia jua yakatutunzia joto la moto wa jioni mpaka kunakucha.

Nilimsimulia mdogo wangu haya yote, fundi naye akisikiliza kutoka juu ya ngazi. Nikamuuliza fundi makuti yanapatikana wapi siku hizi. "Makuti?" akacheka. "Hayo ya mahotelini huko ufukweni, mama." Minazi yetu imekatwa, ni viwanja vitupu, na mikono ya bibi iko chini ya udongo wa Kisarawe.

Mdogo wangu aliacha kujipepea. "Kwa hiyo baba alikubali kuchekwa kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako."

Fundi alipomaliza, tuliingia ndani, akawasha. Kiyoyozi kinapoza, sikatai, na nilikaa chini yake nikafurahi. Lakini ubaridi ule wa kwetu ulikuwa na baba yangu juu yake, ameshika kamba, anachekwa na mstari mzima, wala hashuki.