Doa Kwenye Mvua

Dada yangu ana kidole cha kati kilichopinda kidogo upande wa kalamu, na chini ya ukucha wake kuna wino ambao hata siku ya harusi yake haukutoka. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akitia vivuli katuni za manga, zile za mtindo wa Kijapani, za binamu yetu. Mama alipoambiwa mara ya kwanza kwamba binti yake amepata kazi ya manga, aliuliza kama ni ile ya pilipili. Tulicheka mpaka machozi. Siku hizi habari hiyo haituchekeshi.

Huyo binamu ni mtoto wa mjomba wetu. Alipofiwa na mama yake aliletwa kwetu na begi moja, akala sahani moja na sisi, akakua mikononi mwetu. Dada ndiye aliyemfundisha kushika kalamu ya nibu, ile ya kuchovya wino: usiikandamize, iache itembee yenyewe juu ya karatasi. Binamu alijaliwa nyuso. Akichora mtu aliyekasirika, unarudi nyuma bila kupenda. Lakini kivuli hakukiweza hata kidogo, maana subira hana. Akitia vitone vya kivuli yeye, wahusika wote wanaonekana wanaumwa surua.

Basi wakagawana kazi. Yeye alichora kwa penseli ya buluu, ambayo mashine ya kuchapia haiioni, akapita juu yake kwa wino, kisha karatasi zikaja mezani kwa dada. Zipo karatasi maalumu za kubandika, nyembamba kama utando wa kitunguu, zenye vitone tayari. Unakata kwa kisu, unabandika, unakwangua pale mwanga unapopiga. Dukani kwetu hazikai. Zikija leo, kesho zimekwisha. Kwa hiyo dada alitia kitone kimoja kimoja kwa mkono. Vikubwa kwa nguo, vidogo kwa shavu, mistari ya kupishana kwa ukuta, brashi iliyokaribia kukauka kwa vumbi. Ukurasa mmoja ulimla siku mbili. Mimi, ambaye kushona kifungo tu kunanitoa jasho, nilikaa pembeni nikipiga soga.

Jina lake halikuandikwa popote. Kila wiki gazetini lilitoka jina la binamu peke yake. Dada hakulalamika, kwa sababu kulikuwa na ahadi ya binamu: hadithi yote ikikusanywa kuwa kitabu, jaladani patakuwa na majina mawili. Alikisubiri kitabu hicho kama mja mzito anavyohesabu miezi. Nyuma ya karatasi chakavu alikuwa akijaribu namna ya kuliandika jina lake, leo kwa herufi nene, kesho kwa nyembamba.

Mwaka jana binamu alimwomba jambo.

"Dada, nitengenezee kitabu cha vivuli. Kila aina na mraba wake. Siku tukifungua darasa, tuwe na cha kufundishia."

Dada alikifanyia kazi miezi mitatu. Miraba arobaini: nywele, moshi, jasho la woga, ukuta wenye ukungu, na mvua. Mvua ndiyo aliyoipenda kuliko yote. Mistari yake ilikuwa miembamba, imelala upande, ukiitazama unahisi kuna upepo. Alipokuwa anaimalizia, binamu aliingia, akasimama nyuma yake, akasema, "Bila wewe dada, watu wangu ni mifupa mitupu." Dada akacheka, mkono ukaruka. Katikati ya mvua likaanguka doa dogo lenye mkia, mfano wa kiluwiluwi.

Akataka kuichana karatasi aanze upya.

"Liache," binamu akamwambia. "Hiyo ndiyo saini yako."

Nilikuwepo. Nilimwona dada alivyoinamisha uso ili furaha yake isionekane.

Baada ya miezi miwili kazi zikaanza kupungua. Pumzika wiki hii, dada, kurasa ni chache. Wiki iliyofuata, pumzika tena. Dada akawa anasafisha nibu ambazo zilikuwa safi tayari. Nilimwambia huyu mtu ana jambo, akanikemea, "Huyo ni mdogo wetu, acha maneno." Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani anapenda kujipekua?

Kisha likatoka gazeti lenye sura ya hadithi iliyojaa mvua. Dada alilitandaza mezani, akatazama kwa muda mrefu.

"Amepata mtu mwingine," akasema. "Na mkono wake mzuri."

Alisema kwa wivu, namjua. Akaenda kuchukua lenzi yake. Akakagua picha ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu akanipa lenzi. Kiluwiluwi kilikuwa pale. Kilikuwa karibu na paa, kikawa juu ya bega la mlinzi, kikawa tena pembeni ya mlango. Mtu mwingine hakuwepo. Binamu alikuwa ameingiza miraba yote arobaini kwenye kompyuta, na sasa alikuwa akiimwaga popote apendapo.

Tulikwenda kwake asubuhi hiyo hiyo. Vidole vyake vilikuwa safi kama vya karani wa benki. Wino, nibu na brashi vilikuwa sakafuni, kwenye boksi la viatu. Kwenye skrini kulikuwa na jalada la kitabu, na jina lilikuwa moja.

"Karibuni, karibuni dada zangu. Kaeni."

Dada hakukaa. "Mdogo wangu, siku hizi nani anakutilia vivuli?"

"Ah, kompyuta inafanya yenyewe, dada."

Dada akaweka gazeti mbele yake, akaweka na kile kidole kilichopinda juu ya doa. "Na hapa? Kompyuta ilicheka, mkono ukaruka?"

Binamu akaichukua kalamu yake ya kompyuta. Mimi nilikuwa na maneno ya kujaza ukumbi, kuanzia shukrani ya punda na mateke yake, lakini dada alinishika mkono. Alikuwa bado anamsubiri. Naapa, samahani moja tu ingetosha. Angeipokea, angerudi nyumbani, na angemtetea kwa mama.

Binamu aligeukia skrini, akaufungua mraba wa mvua. Tuliuona wote, umejaa kioo kizima, doa katikati.

"Lo, kweli," akasema. "Dada una macho! Wachapaji wangenisumbua."

Akaligusa kwa kalamu yake isiyo na wino, likatoweka. Akabonyeza kitufe, kurasa za kitabu zikapita mmoja baada ya mwingine, na kila mvua ilikuwa safi.

"Asante sana, dada."

Wapo ndugu wanaoniambia kwamba hakuelewa. Alielewa. Muda wote ule hakututazama usoni hata mara moja, na nilimlea mimi pia, namfahamu anapoiba sukari.

Dada akageuka kuondoka. Tulipofika mlangoni akarudi, akalichukua gazeti mezani, akaanza kulikunja taratibu, pale penye mvua pakiwa ndani.

"Hilo niachie, dada," binamu akasema. "Sina nakala nyingine."

"Hili langu," dada akamjibu. "Lina saini."